Mafiga ya Kwa Mulela

Abdi ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba Mwaitu Kalondu, yaani Mama Kalondu kwa Kikamba, amefariki. Nilikuwa Kithyoko wakati huo, nikiuza mitumba kwenye kibanda cha kukodi, mahali ambapo watu wananijua kwa jina la kwanza tu na hawaulizi la pili. Abdi ni mfanyabiashara wa mbuzi, Msomali aliyekaa Ukambani mpaka akawa anahesabu mifugo yake kwa Kikamba bila kujitambua. "Ndinda," aliniambia, "yule mama yako wa hoteli ametuacha. Wanazika Jumamosi. Wewe kuja mwenyewe, usitume salamu." Hatukuwa tumezungumza kwa miaka mingi. Nilimuuliza namba yangu ameipata wapi, akasema mtu anayehamahama kama mimi si vigumu kumpata, kwani kila soko ameacha mtu wa kumsema. Sijui kama alikuwa ananisifu au ananisuta. Nilifunga kibanda, nikakaa juu ya marobota. Nimefika umri ambao habari ya kifo hainishtui tena, inanichosha tu. Nilihisi uchovu huo ukinishuka mabegani, na ndani yake nikasikia harufu ya moshi wa jikoni kwa Mwaitu, kuni mbichi na maziwa yaliyofurika.

Ya kwetu nitayaruka, hayana jipya. Niliacha shule kidato cha pili, nikaanza kutembea, na sababu niliyowapa watu ilitegemea aliyeuliza. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua barabara ilikokwenda. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo mvua za El Nino ziliponikuta upande wa Mwala, nikielekea kwingine kabisa. Daraja la mto lilisombwa asubuhi ile ile niliyofika soko la Kwa Mulela, na kila aliyekuwa safarini akabaki pale kama mzigo uliosahauliwa. Wengine walisubiri maji yapungue wakaondoka. Mimi niliingia hoteli ya Mwaitu Kalondu kunywa chai, nikaona sahani zimerundikana, nikaanza kuziosha kwa sababu sikuwa na la kufanya. Mwaitu alinitazama kutoka jikoni. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. "Unaosha sahani ya mtu bila kuuliza?" alisema. Nikamwambia zilikuwa zinaniangalia. Akacheka, akanionyesha ilipo sabuni. Nilikaa kwake zaidi ya mwaka, na katika maisha yangu hakuna mahali pengine nilipokaa hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Alinipa stoo ya nyuma. Kitanda kilikuwa makreti ya soda yaliyopangwa, juu yake godoro la nyasi, na kando yangu magunia ya mahindi na mbaazi yaliyokuwa yakipungua na kuongezeka mwaka mzima kama mtu anayepumua. Kuta za mbao zilikuwa zimebandikwa magazeti ya zamani kuzuia upepo. Nilizisoma kuta hizo zote. Habari nyingi zilikatika katikati, mwisho wake ukiwa umefunikwa na gazeti jingine, na mimi nikilala nilijimalizia mwenyewe. Asubuhi tulianza na chai ya maziwa ya mbuzi na mandazi, mchana muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe mpaka yakalainika, na jioni kilichobaki. Nyama ilikuwa nadra mwaka ule. Habari za ugonjwa wa mifugo zilikuwa zimeshuka kutoka kaskazini pamoja na mvua, watu wakaogopa hata supu, na Abdi, ambaye hakuwa na mbuzi wa kuuza wala njia ya kuwapitisha, alishinda kwenye meza ya dirishani akinywa chai na kutoa maoni juu ya kila jambo.

Tulipika kwa mafiga, mawe matatu nyuma ya hoteli chini ya paa la mabati. Siku moja, mvua ikiwa imetulia kidogo, jiwe moja lilipasuka kwa mlio wa bunduki. Kipande kiligonga sufuria, kingine kikanipita sikioni. Abdi alikuwa amejitupa chini ya meza kule ndani. "Nani anapiga?" aliuliza kutoka huko. Mwaitu alikwisha kushika koleo, akalivuta jiwe lile na kulisukuma nje kwenye matope. "Hili nililitoa mtoni juzi," alisema. "Halijawahi kuona moto. Jiwe geni lina maji ndani, likichemka linapasuka. Ya kule juu hayapasuki."

"Juu wapi?" nikauliza.

"Kwa Mulela mwenyewe. Lakini hayo hayaguswi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusikia habari za kijiji. Mulela, ambaye soko lilipewa jina lake, alikuwa na boma lake juu ya kilima kilichokuwa nyuma yetu, enzi za babu za babu. Ujanani aliongoza misafara ya pembe za ndovu kwenda Mombasa na kurudi na nguo na shanga, na alipozeeka akawa mtu ambaye kesi za bonde zima ziliamuliwa mbele ya lango lake. Alikuwa na wake wanne, kila mmoja na nyumba yake, na boma lilizungushiwa ua wa miiba mnene hata kuku hawakupenya. Wazungu walipoweka kituo chao Machakos walimtaka atoe vijana wa kubeba mizigo. Alijibu kwamba vijana wanapanda. Wakamtaka tena, akajibu kwamba vijana wanavuna. Mara ya tatu hawakuuliza, walituma askari, boma likachomwa wakati wa kiangazi, na kila nyumba ikatawanyika na wanawe kwenye mabonde tofauti. Mulela alifia kwa wakwe zake. Kilima kikawa malisho, na baadaye kikawa kilima tu. Haya yote nilisimuliwa na Mwalimu Kasyoka, mstaafu wa shule ya msingi, mjukuu wa nyumba ya kwanza. Alinisimulia kwa vipande, jioni baada ya jioni, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba mimi huuliza na kisha hunyamaza. Yule mzee alinifundisha zaidi ya walimu wote walionipokea darasani, na nasema hivyo nikikumbuka vizuri alichomfanyia Mwaitu.

Mvua zilipokatika, Mwalimu aliitisha kamati. Mafuriko yalikuwa yamefungua korongo kilimani na kutoa nje mawe ya zamani na vigae vya vyungu, na watu walianza kupanda kwenda kuangalia. Mwalimu aliona kwamba usipojengwa mnara wakati huo, kumbukumbu itaokotwa kipande kwa kipande na watoto wa shule. Kamati haikuwa na ofisi, kwa hiyo ilikutana hotelini, na mimi nilisikia kila neno kupitia ukuta wa stoo, pua yangu ikiwa kwenye habari za michezo za mwaka ambao sikuwa nimeanza kusoma. Walikubaliana upesi kuhusu mahali, simiti na bamba la shaba. Walipofika kwenye maneno ya kuandika, nikamsikia Mwaitu ameacha kukoroga.

"Nyumba tatu," Mwalimu alisema. "Ya Nzisa, ya Mwelu, ya Katunge. Hizo ndizo ziko na watu."

"Na ya Mbithe?" Mwaitu aliuliza kutoka jikoni.

"Mwaitu, Mbithe hakuzaa. Hiyo unajua."

"Hakuzaa. Lakini alioa."

Wanaume wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanaocheka jambo la nyumbani mbele ya mgeni. Nilihitaji siku kadhaa kuelewa sawasawa, ingawa nilizaliwa Mkamba. Zamani kwetu, na hata sasa kwa siri, mke asiyepata mtoto aliweza kutoa mbuzi wake mwenyewe na kuoa msichana. Msichana huyo aliitwa iweto. Alizaa na mwanamume aliyemtaka au aliyeonyeshwa, na watoto wakawa wa yule mama aliyemuoa, wa jina lake na nyumba yake. Mbithe, mke wa nne wa Mulela, alioa msichana aliyeitwa Syonthi. Syonthi alizaa mwana, mwana huyo akamzaa mume wa Kalondu, na mume wa Kalondu alikufa bila kuacha mtoto. Mwaitu hakupata mtoto aliyeishi. Kwa hiyo nyumba ya Mbithe, wakati kamati inakunywa chai yake, ilikuwa mwanamke mmoja mjane aliyesimama na mwiko mkononi.

"Hayo mambo ya iweto tuliyaacha tulipobatizwa," alisema mmoja wa kamati.

"Wewe uliyaacha. Mimi niliolewa ndani yake. Kama hiyo nyumba haikuwa, nilikuwa napikia nani miaka hiyo yote? Hewa?"

"Mwalimu, andika huyu mama," Abdi akasema kutoka dirishani. "Mimi utotoni nikihesabu ukoo, nikikosa kutaja babu mmoja, baba yangu alikuwa ananirudisha mwanzo. Na wengine walikuwa wezi wa ngamia! Wote nawataja."

Mwalimu hakucheka. Alisema polepole kwamba wakianza kuhesabu maweto, kila bonde litakuja na lake, na bamba ni dogo. Alisema jina la Mwaitu linaheshimiwa na kila mtu na halihitaji shaba. Kisha akaomba maji ya kunywa, na alipopokea kikombe hakumtazama usoni. Alijua. Nyanya yake wa nyumba ya kwanza ndiye aliyemsimulia, kama yeye alivyonisimulia mimi, kwamba siku boma lilipochomwa, Syonthi ndiye aliyetoka na watoto wa nyumba zote wamemshika nguo. Nilimsikia akisema hayo kwa mdomo wake, na sasa nikamsikia akiyaacha nje. Nimekutana na watu wengi wa namna yake tangu hapo. Si waongo. Wamechoka kubishana, na hukata mahali ambapo mbao ni laini.

Wiki hiyo Mwaitu alinipandisha kilimani. Hakusema tunakwenda kufanya nini. Korongo lilikuwa limekata udongo mwekundu kama kisu kinavyokata mkate, na ukingoni mwake, upande wa mashariki, yalionekana mawe matatu yametazamana, meusi upande wa ndani, na chini yake tabaka la majivu ya kijivu. Alichuchumaa karibu, magoti yakalia. "Mama mkwe wangu alinileta hapa nilipoolewa," alisema. "Hayakuwa yanaonekana hivi, moja tu lilitokeza kichwa. Akaniambia, weka mkono. Hapa Mbithe alikuwa anapikia, hapa Syonthi alimzaa baba wa mume wako. Ukishapika kwako, unapikia moto huu." Niliweka mkono. Jiwe lilikuwa na joto la jua tu, lakini niliona aibu kuuondoa upesi. Kando zaidi yalikuwapo mafiga mengine, na mistari ya mawe iliyopinda kama nusu ya sahani, msingi wa nyumba. Mwalimu alikuwa ameshapita na kamba na vigingi akiweka alama nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye mafiga ya Mbithe hapakuwa na kigingi. "Mimi sitaki shaba," Mwaitu alisema tulipokuwa tunashuka. "Nataka tu mtu akipanda hapa aambiwe zilikuwa nne."

Sasa nifike siku ya mwethya. Mtu wa Machakos hahitaji kuelezwa, lakini nitasema kwa ajili ya wengine: mwethya ni kazi ya pamoja, leo shambani kwangu, kesho kwako, na kwetu ilikuwa hasa kazi ya wanawake. Matuta yote unayoyaona kwenye miteremko ya huku, yale ya fanya juu yanayozuia udongo usiende na maji, mengi yalichimbwa na mikono hiyo. Mwaitu Kalondu ndiye aliyekuwa kiongozi wa mwethya wa Kwa Mulela. Kamati iliomba wanawake wakusanye mawe ya kujengea mnara, naye, licha ya yote, alikubali. Alisema kijiji ni cha mume wake pia. Asubuhi alisimama mbele ya hoteli, kanga imefungwa kifuani, wanawake wamemzunguka na majembe na karai, akawapigia kelele kama alivyokuwa akiwapigia kila mara tangu ujana wake: "Wanawake! Leo jiwe lisibaki juu ya ardhi!" Wakamjibu kwa vigelegele, wakapanda wakiimba. Mimi na yeye tukarudi jikoni, tuliahidi chakula.

Mawe ya kujengea yalikuwa chini, kwenye mdomo wa korongo, ambako mafuriko yaliyarundika mengi ya kutosha mnara na kanisa juu yake. Kila mtu kwenye kamati alijua hivyo. Lakini mwethya hauanzii chini. Ukichimba matuta unaanzia juu kabisa ya kilima, kwa sababu maji huanzia juu, na unashuka nayo. Hakuna mwanamke hata mmoja kati ya wale aliyewahi kuanzia kazi chini katika maisha yake. Na mwanamke wa Machakos akiona jiwe limelala ovyo shambani mkono wake hauliachi, atalitoa, atalipanga. Tulikuwa jikoni, mimi na Mwaitu, tukigeuza muthokoi kwa miiko mirefu, tukisikia nyimbo zikishuka kilimani, na alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa wiki nyingi. Alinitania kuhusu kijana mmoja wa mashine ya kusaga. Aliniambia nina mikono ya mtu anayekaa, ila miguu ndiyo iliyoharibika.

Tulipopandisha chakula kwa mkokoteni wa punda jua lilikuwa limesimama. Nilikiona kilima kabla yake, kwa sababu nilikuwa mbele nikimvuta punda. Kilikuwa safi. Sijui neno jingine. Palikuwa pamelainishwa kama uwanja wa harusi, bila jiwe, bila kigingi, na vigingi vya Mwalimu vilikuwa vimefungwa pamoja vizuri kama kuni na kuwekwa kando. Mawe yaliyozidi walikuwa wameyapanga kwenye tuta moja refu lililonyooka, tuta zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Pembeni, mahali pa mnara, palikuwa na rundo kubwa. Mwanamke mmoja alikuja akikimbia, uso umejaa vumbi na meno. "Mwaitu, ona! Hakuna hata moja imebaki!"

Mwaitu aliwashukuru. Nilimsikia mwenyewe akisema asanteni, mmefanya kazi. Kisha akatembea mpaka ukingo wa mashariki wa korongo. Nilimfuata kwa mbali. Yalibaki majivu tu, doa la kijivu kwenye udongo mwekundu, na juu yake nyayo za wanawake. Alisimama hapo akilitazama. Mwalimu Kasyoka alikuja kutoka upande wa pili, kofia mkononi. Yeye pia alikuwa amechelewa, alikuwa amekwenda kumchukua fundi. Nyumba zake tatu zilikuwa zimekwenda pamoja na ile moja. Kwa muda nilifikiri atawafokea wanawake, na nadhani hata yeye alifikiri hivyo, midomo yake ilikuwa inatafuta.

"Mwalimu," Mwaitu alisema, "nyumba ya Nzisa iko wapi?"

Mwalimu alinyoosha kidole kuelekea rundo.

"Na ya Mbithe?"

Kidole kilikuwa bado kiko hewani. Hakukigeuza upande wowote, kwa sababu hapakuwa na upande mwingine. Alikaa nacho hivyo, mzee wa watu, kisha akakishusha.

"Basi," Mwaitu alisema. "Njoo ule, chakula kinapoa."

Tuligawa sahani. Hakuna aliyewaambia wale wanawake walichokuwa wamefanya, si siku ile wala baadaye, kwa kuwa walikuwa wamefanya kwa moyo. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Nimeona vitu vikibomolewa na watu wenye nia mbaya, na kuna namna unavyoweza kukasirika, ukapona. Lakini pale Kwa Mulela sikupata wa kumkasirikia. Aliyetoa amri alikuwa Mwaitu mwenyewe, kwa maneno yale yale yaliyookoa mashamba ya bonde zima.

Mnara ulijengwa, urefu wa mtu na nusu, mawe meusi na mawe mekundu yamechanganywa na simiti. Siku ya kuufungua alikuja ofisa wa serikali na viti vya kukodi. Bamba la shaba liliandikwa Chifu Mulela, ingawa hakuna serikali iliyowahi kumpa uchifu, na ile pekee aliyoijua ndiyo iliyomchomea nyumba, na chini yake majina ya wake watatu. Mwaitu hakwenda. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya hoteli akikaanga mandazi ya wageni, nami nikimsukumia unga. Hotuba zilitufikia zikiwa zimevunjikavunjika na upepo. Ghafla, bila kuinua macho kwenye karai, akasema, "Ndinda, nataka kukuoa."

Abdi alikuwa hapo mlangoni, akaacha kutafuna.

"Mbuzi niko nao," Mwaitu aliendelea. "Shamba la mume wangu niko nalo. Nitakwenda kwenu na wazee, kwa heshima. Utazaa na nani hiyo ni shauri yako, sitachungulia. Watoto watakuwa wa Mbithe."

"Mwaitu," nilisema, "mimi siwezi kukaa mahali pamoja. Unajua."

"Nani amesema ukae? Mulela alikuwa anaenda Mombasa mwaka mzima. Mtu anaenda, anarudi. Nyumba ndiyo inakaa."

"Kubali," Abdi alisema. "Mbuzi nitachagua mimi. Hakuna mwenye ugonjwa wa kifua."

Tulicheka wote watatu, na kicheko kilipoisha swali lilikuwa bado lipo. Nilimjibu hapana. Nilimjibu taratibu, nikiwa nimeshika bakuli la unga, na nilisema sababu ambayo ilikuwa kweli: kwamba nikimzalia watoto nitawapenda, na nikiwapenda sitajua tena barabara inakokwenda. Aligeuza mandazi, yote, moja moja. "Sawa, mwiitu wakwa, binti yangu," alisema mwishowe. "Afadhali umesema mapema. Leta sahani." Hakuninunia hata siku moja. Nilikaa kwake mpaka mbaazi zilipovunwa, daraja likawa limejengwa upya, na asubuhi moja nikamwambia naondoka. Alinifungia mandazi kwenye gazeti. Njiani nililisoma gazeti hilo mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza habari haikukatika katikati.

Jumamosi ya mazishi nilifika mapema. Soko lina lami sasa, na hoteli imekuwa duka la simu. Walimzika kwenye shamba la mume wake, chini ya kilima. Kulikuwa na hema, vipaza sauti, mchungaji kijana mwenye viatu vya ncha. Mwalimu Kasyoka alikuwa amewekwa kwenye kiti cha mbele na blanketi magotini, amekauka hadi nikamtambua kwa kofia. Nilijua kutoka kwa Abdi kwamba mwaka uliofuata kuondoka kwangu Mwaitu alimuoa msichana mmoja wa upande wa Kangundo, Mueni, na kwamba Mueni alikaa. Nilimwona kaburini, mwanamke mnene mwenye uso wa utulivu, na watoto watatu wakubwa. Mchungaji aliwaita "wale waliosaidiwa na marehemu," akawaomba wasubiri, jamaa watangulie kutupa udongo. Watu walitazama chini. Mwalimu akainua fimbo yake, si juu sana, akasema kwa sauti iliyokwaruza kwamba jamaa ni hao, ni nyumba ya Mbithe, watangulie. Mchungaji hakuelewa. Wenyeji walielewa, wakafungua njia, na Mueni na wanawe wakapita.

Baadaye, nyuma ya hema, msichana mkubwa wa Mueni alinijia na bakuli la maji ya kunawa. "Ni wewe Ndinda? Wewe ndiye ulimkataa susu, nyanya yetu?"

"Ni mimi."

Alinipima kwa macho kutoka kichwani mpaka viatuni. "Asante," alisema. "Ungekubali, mimi singekuwa." Jina lake ni Mbithe. Ana sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde, na alikuwa anaitumia: wapishi walikuwa wanahitaji mafiga mengine kwa sufuria kubwa, wageni walikuwa wengi kuliko ilivyofikiriwa, na mawe ya shambani mawili yalikuwa yameshapasuka na kumwaga supu. Aliwatuma wanawake juu kilimani.

Niliwafuata, kwa udadisi ule ule ambao haujawahi kuniacha. Bamba la shaba liling'olewa miaka mingi iliyopita na wauza vyuma chakavu. Simiti ilikuwa mchanga mtupu, na upande mmoja wa mnara ulikuwa umeshuka na kumwagika kwenye nyasi. Wanawake waliinama, wakageuza mawe kwa mikono yao inayojua, wakatupa mekundu, wakachagua meusi. "Haya ndiyo yamezoea moto," mmoja alimwambia mwenzake. Hawakuuliza ya nyumba gani. Waliyapanga matatu matatu nyuma ya hema, wakawasha. Nilivuta kigoda nikakaa karibu, magoti yamenichoka, nikawa nasubiri kwa mazoea ule mlio wa bunduki. Muthokoi ilichemka, watu wakala, jua likashuka upande wa Mwala. Hakuna jiwe lililopasuka.